Kabureta Mbili za Mjomba

Katika nyumba yangu hapa Arua limo sanduku la bati ambalo kwa miaka mingi halikufunguliwa na mtu ila mimi. Ndani yake zilikuwamo kabureta mbili za SU, kila moja imeviringishwa katika kaniki iliyolowa mafuta. Wageni waliobahatika kuziona walizidhania vyombo vya hospitali au vipande vya silaha. Sikuwalaumu, maana gari zilimotolewa halipo tena.

Gari hilo lilikuwa MG Midget, dogo, jekundu, la viti viwili, na paa lake lilikuwa la turubai. Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa Kihindi. Na mwaka 1972, Waasia walipopewa siku 90 wawe wameondoka Uganda, alimkabidhi mjomba wangu funguo kuwa malipo ya kazi ya ufundi aliyokuwa hajamlipa. Mjomba alikuwa Mkakwa wa Koboko. Ufundi aliupata katika jeshi la KAR kule Jinja, na Kiswahili alikipata humo humo. Kwa hiyo, ijapokuwa nyumbani kwake tulisema Kikakwa na sokoni Kilugbara, alipoinamia injini hakusema ila Kiswahili. Kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa alikiita kipepeo. Kinachoelea katika bakuli la petroli alikiita boya, na kifuniko cha juu chenye umbo la kengele, kuba. Nilipokuja kuwa mwalimu wa lugha hiyo sikuona sababu ya kubadili hata neno moja kati ya hayo.

Kabureta ya SU haifanani na nyingi nyingine. Zile huwa na vitundu kadhaa vya petroli, hiki cha mwendo wa polepole, kile cha mwendo wa kasi. SU ina kitundu kimoja tu. Ndani ya kuba mna pistoni inayopanda kadiri injini inavyovuta hewa, na chini yake mna sindano iliyochongoka inayoingia kitunduni. Sindano ikipanda, nafasi hupanuka na petroli hupita kwa wingi zaidi. Waliobuni chombo hiki mwanzoni mwa karne ya 20 ni ndugu wa Kiingereza wa ukoo wa Skinner, ukoo uliokuwa ukiuza viatu, na kabureta yao ya kwanza ilikuwa na mvukuto wa ngozi mahali pa pistoni. Nilipoyasoma hayo ukubwani nilicheka peke yangu, kwa kuwa mjomba alikuwa akiifananisha na mvukuto wa mhunzi bila kuambiwa na mtu.

Midget ina kabureta mbili, na kazi ngumu ni kuzilinganisha. Mjomba alitumia kipande cha mpira wa maji: ncha moja sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta ya kwanza, kisha ya pili. Mvumo ukitofautiana, aligeuza skrubu kidogo akasikiliza tena. Nilipewa mpira huo nikiwa na umri wa miaka 13, na siku ya kwanza nilidanganya kwamba nimesikia tofauti.

Oktoba 1980 vita vilirudi West Nile, watu wakakimbilia Zaire na Sudan. Usiku wa kuondoka mjomba alikwenda na tochi bandani, akafungua kabureta zote mbili na kuzitia katika gunia la mtama. Mkewe alimwuliza, "Baba, watoto watakula chuma?" Naye akajibu, "Gari lisilopumua haliibiwi." Nililibeba gunia lile sehemu ya njia hadi mpakani, na sitaficha kwamba nilimchukia kwa uzito wake. Tuliporejea baada ya miaka kadhaa tulikuta liliibiwa hata hivyo, kipande kwa kipande: injini, magurudumu, viti. Lilibaki bodi, na kuku wakitaga ndani yake.

Wenye Morris Minor walikuja kumwomba awauzie kabureta moja. Injini za magari hayo mawili ni za ukoo mmoja, na Minor za miaka ya 1960 zilitumia kabureta ya ukubwa ule ule, ila moja tu. Aliwakataa wote. "Mapacha hawauzwi mmoja mmoja," alisema, hadi alipofariki.

Kisha mwalimu mstaafu wa Koboko akanijia na ombi lile lile. Kabureta ya Minor yake ilikuwa imepasuka, na mzee hakutaka kusikia habari za gari la Kijapani. Nilimzungusha mwaka mzima kwa visingizio. Hatimaye niliona haya, nikafungua sanduku.

Nilizisafisha zote mbili kwa petroli na mswaki, bila msasa, maana pistoni ikikwanguzwa imeharibika. Mrija wa nailoni uletao petroli kitunduni ulikuwa mgumu kama mfupa. Niliagiza mpya kutoka Uingereza, ambako vipuri vya SU hupatikana hadi leo. Mhimili wa kipepeo ulicheza, na pachezapo huingia hewa isiyotakiwa na injini haitulii; hapo nilitia bushi mpya. Sindano niliitoa katika kabureta ya mzee mwenyewe, maana ya Midget huchaguliwa kwa kabureta mbili. Nilipoinua pistoni kwa kidole na kuiachia, ilikwama katikati. Nililegeza nati ya kitundu, nikaibonyeza pistoni hadi chini, nikakaza, nikajaribu tena mpaka ikaanguka yenyewe kwa mlio mkavu wa chuma.

Nilikwenda Koboko Jumamosi, kwa barabara ambayo sasa ni ya lami. Tulifunga kabureta, nikatia oili nyepesi juu ya kuba, mzee akawasha. Petroli ikafurika. Niligonga bakuli kwa mpini wa bisibisi, vali ya boya ikaachia, injini ikakohoa mara mbili na kutulia. Mzee aliuliza bei. Nilimtajia gharama ya mrija na bushi.

Ile ya pili nimeirudisha sandukuni pamoja na mpira wa kusikilizia, ambao sasa hauna cha kulinganisha.