Chumba cha Uani

Sisi watu wa visiwani tuna methali nyingi za mgeni, na karibu zote zimetungwa na mwenyeji. Mwenyeji ndiye aliyesema mgeni ni baraka; mwenyeji huyo huyo ndiye aliyesema siku ya tatu apewe jembe. Mgeni hakuulizwa lake. Mimi niliulizwa, mwaka 1997, katika mji wa Kasulu, na jibu nililolitoa limenikaa moyoni hata leo.

Nilikwenda huko kutafuta riziki ya kalamu. Kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani waliokimbia vita, ilihitaji watu wa kufasiri maandishi ya afya kutoka Kiingereza. Cheti cha chuo sikuwa nacho. Nilikuwa na kamusi mbili na daftari la mashairi. Treni kutoka Dar es Salaam ilinifikisha Kigoma, penye ziwa, na kutoka hapo basi likapanda milima mpaka Kasulu. Jioni ya kwanza nilitambua kuwa kanzu si vazi la baridi.

Kwetu Unguja nyumba hukodiwa. Kule nilifunzwa kuwa chumba hupangwa. Nilipotaja chumba cha kukodi, watu walinitazama kana kwamba nataka baiskeli. Niligonga milango mitatu. Wa kwanza aliniuliza kabila, kisha akakumbuka kuwa ana wageni wanaokuja. Wa pili alitaka kodi ya mwaka mzima mkononi, kwani mashirika ya misaada yalikwisha kuingia mjini na fedha zao, na kila mwenye chumba alikuwa na habari hiyo. Wa tatu alinisikiliza nikisema, akanikatia shauri kuwa Kiswahili hiki si cha Tanzania, bila shaka nimevuka mpaka. Mimi, mzaliwa wa Ng'ambo, niliyejivunia lugha kama wengine wanavyojivunia mali!

Mlango wa nne ulikuwa wa mzee mmoja Muha. Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia, kisha akaanza maamkizi ya kwao, akigonganisha viganja taratibu kama ilivyo desturi yao. Aliniuliza hali ya nyumbani, ya wazazi, ya safari, hata ya bahari ambayo, alisema, aliwahi kuiona. Alinifunza kuitikia “mwakeye”. Habari ya chumba ilikuja mwisho kabisa, na ilikwisha kwa maneno machache: nilipe mwezi kwa mwezi. Asubuhi yake alinipeleka kwa mjumbe wa nyumba kumi nikaandikishwa, naye akasema mbele ya watu kuwa huyu ni wa kwake.

Chumba kilikuwa cha matofali ya kuchoma, paa la bati, dirisha likitazama migomba. Sisi watunzi hupenda kukumbushana kuwa neno beti asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni nyumba. Humo niliandika beti nyingi za kujisikitikia. Nyingi nimezichana.

Usiku tulikula pamoja ugali wa muhogo na maharage, au dagaa waliopikwa kwa mawese, na mzee akanisimulia namna alivyoiona bahari. Katika miaka ya 1950 SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge, ilikuwa ikiandikisha vijana wa Kasulu na Kibondo na kuwapeleka Tanga. Huko waliitwa manamba, kwa ajili ya namba walizopewa. Mkataba wake ulipokwisha hakutaka kurudi upesi. Alishuka mjini, mtaa wa Ngamiani, kutafuta chumba.

“Fedha nilikuwa nayo,” alisema. “Walinitazama, wakasema chumba kimekwisha kupangwa. Nyumba ya kwanza, na ya pili, na ya tano.”

Kisha akaniuliza, bila ya kejeli: “Kwenu Unguja, mwanangu, mtu wa huku akija kutafuta chumba, hupata?”

“Hupata, mzee,” nilijibu.

Nilisema uongo. Nilipokuwa na umri wa miaka minane, mtu mmoja aligonga mlango wetu, mkononi ana sanduku la bati. Alisema ametoka Kigoma na amesikia kuna chumba uani. Baba hakuinuka. Aliniambia kwa sauti ya chini: “Mwambie kimekwisha.” Nami nilikwenda nikamwambia. Chumba kilikuwa kitupu, hakina ila makumbi ya nazi. Yule mtu alinishukuru, akaniita mwanangu, akaenda zake.

Mwaka 1999 kazi ilinihamisha Kibondo, ambako kambi zilikuwa za Warundi. Hapo niliona watu wasio hata na mlango wa kugonga. Sheria ya wakimbizi ya mwaka 1998 iliwataka wakae katika maeneo yaliyotengwa, na kutoka kulihitaji kibali. Mimi nilikuwa nimelalamika kwa milango mitatu.

Usiku wa kumwaga mzee nilimweleza yote, pamoja na sanduku la bati. Alinyamaza kitambo kirefu.

“Chumba chenyewe, kodi yake ilikuwa kiasi gani?”

Nilimwambia sijui, nilikuwa mtoto.

“Hata mimi Ngamiani sikuambiwa,” alisema. “Wangeniambia bei, ningerudi nikijua kuwa nimeshindwa na fedha.”

Hakuongeza neno. Asubuhi alinisindikiza mpaka kwenye basi, akagonganisha viganja kama siku ile ya kwanza.

Kambi nilizozijua zimefungwa na kufunguliwa mara nyingi tangu siku hizo. Mtabila, karibu na Kasulu, ilifungwa mwaka 2012. Nduta ya Kibondo ilifungwa, kisha ikafunguliwa tena mwaka 2015 Warundi walipokimbia upya. Mzee ametangulia mbele ya haki, na baba yangu pia. Nyumba ya Ng'ambo tumegawana ndugu, na fungu langu ni kile chumba cha uani. Makumbi nimeyatoa, dirisha nimelipanua. Anayekuja kukiulizia, awe ametoka wapi, kwanza namtajia kodi yake.