Ng'ambo ya Kanisa Kuu la Köln: Injini Kubwa na Mwanawe

Juma hili twende Ujerumani, hata mji wa Köln, ulio kando ya mto Rhine. Mgeni Mkatoliki afikapo huko huanza na Kanisa Kuu, ambamo masalia yanayoheshimiwa kuwa ya Mamajusi yamehifadhiwa. Msingi wa kanisa hilo uliwekwa mwaka 1248. Kazi ikasimama katika karne ya 16, ikaanzwa tena mwaka 1842, na minara yake miwili, yenye kimo cha mita 157, ikamalizika mwaka 1880.

Lakini leo tusikae sana hapo. Tuvuke daraja kwa miguu mpaka ng'ambo, mahali paitwapo Deutz. Mbele ya stesheni ya reli tutaona mtambo wa chuma uliosimama wima kama nguzo, na gurudumu kubwa juu. Hiyo ni injini ya gesi ya Bwana Nikolaus Otto, ya namna iliyopata medali ya dhahabu katika maonyesho ya Paris mwaka 1867.

Siku zile viwanda vilitumia mvuke. Mvuke wataka birika kubwa la chuma, makaa mengi, na mtu wa kuchochea moto wakati wote. Fundi mwenye chumba kimoja angewezaje? Lakini mijini yalikuwako mabomba ya gesi ya taa. Mwaka 1860 Bwana Lenoir alitengeneza huko Paris injini ya kutumia gesi hiyo, ila ilikula gesi nyingi mno.

Otto hakuwa mhandisi. Alikuwa mchuuzi wa kusafiri, akiuza bidhaa kama chai na sukari. Mwaka 1861 alimwomba fundi mmoja wa Köln, Michael Zons, amtengenezee injini ndogo kwa mfano wa ile ya Lenoir, apate kuijaribu. Mwaka 1862 akajaribu nyingine, ya kuibana gesi kabla ya kuiwasha, ikaharibika upesi. Hakukata tamaa. Mwaka 1864 alishirikiana na Bwana Eugen Langen, wakafungua kiwanda cha injini.

Je, mtambo huu wa Deutz ulifanyaje kazi? Bila shaka mmepata kuona mtu akiumikwa kwa chuku. Hewa ya ndani ikipungua, pembe hushika mwili, kwa maana hewa ya nje huisukuma. Ndivyo ilivyo hapa. Gesi na hewa huwashwa chini ya pistoni, nayo huruka juu bila kufanya kazi yoyote. Kisha gesi hupoa, na hewa ya nje huisukuma pistoni kurudi chini. Hapo ndipo ufito wake wenye meno huzungusha gurudumu. Mnaopanda baiskeli mnaijua friwili: ukikanyaga, gurudumu huvutwa, ukiacha, hujiendea lenyewe. Otto na Langen walitumia ufundi wa jinsi hiyo hiyo.

Sasa, wako watu huko Ulaya na Marekani wanaotengeneza injini kama hii nyumbani kwao kwa kipimo kidogo, tuseme robo ya urefu wa ile ya asili. Si sanamu ya kupamba meza. Ikitiwa gesi sharti izunguke. Huchonga kwanza kielelezo cha mti, wakakigandamiza katika mchanga, na chuma kilichoyeyuka kikamiminwa katika nafasi yake. Kisha hukereza kila kipande kwa mashine. Kazi hii yaweza kuchukua miaka.

Mtu atasema: kitu kidogo, kazi ndogo. La, sivyo! Twaa kipande cha sabuni chenye pande sawa. Kigawe sehemu nne kwa urefu, sehemu nne kwa upana, na sehemu nne kwa kimo. Utapata vipande 64. Basi injini ya kilo 640 ikifanywa robo kwa kila upande, itakuwa na kilo 10 tu. Nayo gesi ya ndani itakuwa sehemu moja ya 64. Lakini eneo la chuma linalozunguka gesi hiyo hupungua mara 16 tu. Maana yake, moto ule mdogo huzungukwa na chuma kingi cha kuunyonya joto. Kaa moja la moto hupoa upesi. Jiko lililojaa hukaa mpaka asubuhi. Tena upenyo mwembamba kama unywele, ambao injini kubwa yaweza kuuvumilia, katika ile ndogo hupoteza nguvu yote. Kwa hiyo mwenye kutengeneza kidogo hana budi kuwa mwangalifu kuliko mwenye kutengeneza kikubwa.

Otto naye alirudia jaribio lake la kwanza. Mwaka 1876, miaka 14 baada ya ile iliyoharibika, injini ya kuibana gesi ilifanya kazi vema hapo Deutz, kwa hatua nne: kuvuta, kubana, kuwaka, kutoa. Hatua hizo nne zimo katika motokaa na pikipiki zetu, na hata katika injini nyingi za dizeli zinazosaga mahindi.

Bwana wetu alitufundisha uaminifu katika mambo madogo. Basi, ninyi wazazi, mtoto akitengeneza gari la kopo na magurudumu ya vifuniko, msimwambie kwamba anachezea takataka. Mwulizeni kama linakwenda moja kwa moja. Likienda upande, mwambieni atafute sababu, kisha mwacheni alitengeneze tena.