Tembo wa Katuni na Tembo wa Shambani



Juma hili tunazungumzia katuni. Anayedhani kuwa padre ameishiwa na la kuandika na avumilie kidogo.

Tulikuwa tukitafuta kwenye YouTube kitu cha kuwaonyesha watoto wa Utoto Mtakatifu siku ya Jumamosi, kisicho na bunduki wala matusi, ndipo tukakutana na mfululizo uitwao Tinga Tinga Tales. Ni vichekesho vya wanyama vya kutazamwa na familia nzima, visa 52, kila kimoja cha dakika kama 11. Vilichorwa Nairobi katika studio ya Homeboyz, kwa kazi ya kampuni ya Uingereza iitwayo Tiger Aspect, na BBC ikaanza kuvionyesha mwaka 2010. Hivyo basi watoto wa Uingereza walikwisha kucheka na simba, kiboko na kobe wa kwetu miaka mingi iliyopita. Lakini hapa Daa, tunakoishi na wanyama hao kama majirani, hatukumpata mtu hata mmoja aliyekuwa amewahi kusikia habari za katuni hiyo.

Kila kisa hujibu swali moja la kitoto. Kwa nini nyoka hana miguu? Kwa nini tembo ana mkonga? Kwa nini popo hulala kichwa chini? Yeyote aliyelelewa karibu na jiko la bibi yake anautambua mtindo huo mara moja.

Na jina lenyewe ni la Mtanzania. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mnamo mwaka 1968, akitumia rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya mbao za dari, kwa kuwa ndivyo alivyoweza kuvinunua. Alichora wanyama wenye macho makubwa na madoa ya kung'aa. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Alikuwa amechora kwa miaka kama minne tu. Leo picha za mtindo wake zinauzwa kando ya barabara ya kwenda Ngorongoro, na watalii huzibeba hadi kwao. Tunapoiona katuni inayovaa jina lake, furaha yetu inachanganyika na swali la nani anakula matunda ya mkono wa maskini. Swali hilo tunaliacha hapo kwa leo.

Basi Jumamosi ilipofika tulitundika shuka jeupe ukutani, tukawasha projekta, na watoto wakacheka mpaka mabenchi yakasogea. Katuni ni ya Kiingereza, nasi tulikuwa tukifasiri kwa Kiswahili. Alipotokea tembo, kicheko kikazidi. Nyuma kabisa alikuwa amesimama baba mmoja aliyekuja kumchukua mwanawe. Yeye hakucheka. Baada ya kipindi alitufuata, akasema kwa heshima, "Baba Paroko, huyo wa ukutani anachekesha. Wa kwangu alikuja saa nane usiku na wenzake wanne."

Wasomaji wetu wa mijini pengine hawafahamu maana ya maneno hayo. Katika vijiji vinavyopakana na msitu wa Ngorongoro, mahindi yanapokaribia kukomaa, wanaume hulala shambani na tochi, madebe ya kupiga na moto wa kuota. Usiku mmoja wa usingizi unatosha kupoteza chakula cha mwaka mzima. Ziko Kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho kwa aliyeharibiwa mazao, na kifuta machozi kwa familia iliyoumizwa au kufiwa. Majina hayo ni ya kweli kuliko waliyoyatunga walivyodhani, maana jasho hufutwa, lakini shamba halirudi. Baba huyu alikuwa amepoteza ekari moja na nusu, na ada ya shule ya mwanawe ilikuwa ndani ya ekari hizo.

Tulirudi nyumbani na neno lake, tukafungua Kitabu cha Ayubu. Ayubu naye alikuwa amepoteza kila kitu, akadai maelezo. Mungu alipomjibu, katika sura ya 38 hadi ya 41, hakumpa maelezo hata moja kuhusu mali yake wala watoto wake. Alimwonyesha wanyama: kunguru, mbuzi wa miambani, punda-mwitu, na yule mnyama mkubwa ambaye baadhi ya wafasiri humwita kiboko. Katikati yao yumo mbuni, anayeyaacha mayai yake mavumbini na kusahau kwamba yanaweza kukanyagwa, lakini akianza kukimbia humdharau farasi na mpanda farasi. Sisi tunaamini kwamba Mungu alikuwa akitabasamu katika aya zile za mbuni. Ni jambo la kushangaza kumwambia hivyo mtu aliyekaa majivuni. Wala hatukuthubutu kumwambia hivyo baba yule. Tulimtembelea Jumanne tukaliona shamba, na Jumuiya yake imekubaliana kumchangia debe moja moja la mahindi kwa kila nyumba.

Jambo la pili halikuwa katika ratiba yetu. Katika kipindi kile alikuwapo bibi mmoja aliyewasindikiza wajukuu. Kiswahili chake ni kidogo, na Kiiraqw chetu ni cha madhabahuni tu. Hivyo mjukuu wake mkubwa alikuwa akichukua Kiswahili chetu na kumnong'oneza bibi kwa Kiiraqw. Kisa cha tembo kilipokwisha, bibi alisema neno, na wazee wachache waliokuwapo wakaangua kicheko. Tukauliza amesema nini. Mjukuu akajibu, "Bibi anasema wamekosea. Anasema sababu ya mkonga siyo hiyo."

Tulimwomba atueleze sababu yenyewe, akakataa. Hadithi, alisema, hazisimuliwi mchana. Husimuliwa usiku, watu wakiwa wameuzunguka moto.

Hapo tulinyamaza, kwa sababu kila mtu mle ndani alielewa ugumu wake. Msimu huu usiku ni wa tembo. Baba na vijana wako shambani, akina mama hawawaruhusu watoto kutoka nje baada ya giza, na bibi huyu anakaa mwisho kabisa wa kijiji, karibu na msitu. Wajukuu wake wengine, wanaosoma bweni, hawaijui lugha yake. Tulipouliza kama yuko mwingine anayezijua hadithi hizo, wazee walitajiana majina, na kila jina lilifuatwa na maneno "apumzike kwa amani".

Katekista wetu amejitolea kwenda kulala nyumbani kwa bibi usiku wa Ijumaa, pamoja na mjukuu wa kufasiri, akiwa na simu ya kurekodia. Baba yule wa ekari moja na nusu amesema atawasindikiza kwa tochi na debe lake, maana njia anaijua, na anataka kuisikia sababu ya mkonga.