Nyumba Niliyomzibia Mama

Nyumba ya mama yangu, nje kidogo ya mji wa Wete, niliiharibu mimi. Majirani waliamini kosa lilikuwa la fundi wa kiyoyozi, nami niliwaacha waamini hivyo kwa muda mrefu.

Nilirudi Pemba baada ya miaka ya kazi Maskati, ambako mtu hutoka kwenye gari la baridi akaingia ofisi ya baridi, hata mwili ukasahau kwamba nje kuna jua. Nikamkuta mama analala chini ya makuti yanayovuja. Niliona aibu. Nikaezua makuti, nikaezeka bati. Bati lisilo na dari hupokea jua lote na kulishusha chumbani, kwa hiyo ikifika saa saba mchana hakukaliki. Nikanunua kiyoyozi. Umeme nao haukuwa tena ule wa majenereta ya dizeli. Tangu 2010 unatujia kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga.

Kosa lenyewe liko hapa. Ili baridi isivuje, nilimwamuru mwashi azibe kwa saruji ule uwazi kati ya ukuta na paa. Madirisha ya mbao nikayang'oa, nikaweka vioo visivyofunguka. Feni nikaigawa. Uwazi ule marehemu baba aliuacha kwa makusudi: hewa ya moto hupanda na kutokea juu, na upepo wa bahari ukapata njia ya kuingia. Alijenga nyumba inayopumua, nami nikaiziba.

Mama alisema mapema. "Mwanangu, magoti yananiuma." Nilikuwa nimeweka nyuzi 18, zile nilizozizoea kazini. Badala ya kupandisha, nilimletea blanketi. Blanketi, Pemba, katikati ya kaskazi! Nikitoka, anazima, nikirudi, nawasha na kumkanya, mtoto anamkanya mzazi wake. Siku nyingine nilishusha hadi 16 nikidhani chumba kitapoa upesi. Hakipoi upesi. Mashine kama ile hupoza kwa nguvu ileile mpaka ifikie kiwango ulichoweka, kisha kompresa ipumzike. Ukiiwekea 16 unainyima tu mapumziko, na uniti za umeme wa TUKUZA zinateketea.

Kikafa mwezi wa Machi, kaskazi imelegea na mvua za masika bado. Chumvi ya bahari ilikuwa imekula mapezi ya sehemu ya nje, na kapasita ikaungua. Kipuri kikawa cha kungojea kutoka Unguja. Nilikuwa na shughuli zangu Chake Chake, nikamwambia mama avumilie.

Alivumilia. Jioni nilimkuta kitandani, midomo imekauka, ananiita kwa jina la kaka yake aliyefariki zamani. Wazee hawahisi kiu upesi, wala miili yao haitoi jasho kama ya vijana. Hayo nilielezwa hospitalini, mama ameshatundikiwa dripu. Fundi alikuwa na hatia gani hapo? Kiyoyozi chochote huharibika. Nyumba haikupaswa kumdhuru mtu kwa sababu mashine moja imezima.

Alipopata nafuu nilimuuliza kwa mara ya kwanza anataka chumba kiweje. Hakutaja nyuzi. Alitaka upepo, na asisikie ubaridi miguuni. Mwashi akachimbua saruji yote. Tukaweka dari ya mbao, bati tukalipaka rangi nyeupe ili lirudishe jua, feni mpya ikafungwa. Feni haipunguzi joto la chumba, lakini hukausha jasho mwilini, ndiyo maana 27 pamoja na feni inamtosha usiku wa joto kali. Rimoti anakaa nayo yeye, na mchana mwingi kiyoyozi kimezimwa, mwenyewe yuko barazani na wenzake.

Fundi nimemwendea dukani kwake, nikamwomba radhi mbele ya watu waliokuwa wakimsema. Kuna jambo moja ambalo hata dada zangu sijawaambia, na watalisoma hapa: siku vioo vinawekwa, mama aliniomba nimwachie hata dirisha moja la mbao, nami nikamjibu kwamba hajui mambo haya.