Siku 14 kwenye mita 3,000

Haya jamani, nimekuwa kimya wiki kadhaa. Sijaacha kuandika programu, nimehamishia kazi msituni tu. Mkataba wa nyumba yangu hapa Denver uliisha mwisho wa Juni na nyumba mpya ilikuwa haijawa tayari. Mwenzangu wa kazini akaniazima gari-nyumba lake (RV, kama wanavyoliita huku) nikapanda nalo hadi msitu wa taifa wa San Isabel, karibu na mji wa Leadville.

Sehemu nyingi za misitu hii unaruhusiwa kuegesha kando ya barabara ya vumbi bila kulipa hata senti. Hakuna stima, hakuna mfereji, hakuna pa kumwaga maji machafu. Wengi hupanda kukimbia joto, maana hewa hupoa kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000. Usiku wa Julai nilivaa sweta mbili.

Sasa tuje kwenye hesabu, najua ndiyo mnayoingojea. Betri ya lithiamu ya 12V na 200Ah ni kama Wh 2,400. Antena ya Starlink hula wati 50 hadi 75, kwa hivyo saa kumi za kazi zinakula kati ya Wh 500 na 750. Ongeza laptopu, taa na pampu ya maji. Paneli za jua hufanya kazi vizuri kwenye baridi, lakini Julai na Agosti mawingu hujikusanya kila siku, na ikifika saa saba mchana radi zinapiga kweli kweli. Basi nikapanga siku yangu kama foleni ya kichakataji: majaribio yote mazito asubuhi, mchana kusoma msimbo tu. Jenereta nayo isikudanganye. Hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300, kwa hivyo huko juu ina kama asilimia 70 tu.

Na maharagwe! Kwenye mita 3,000 maji huchemka kwenye nyuzi 90 hivi. Jirani mmoja kutoka Texas alichemsha yake tangu mchana hadi usiku, bado yanagonga meno. Mimi nimelelewa Ol Kalou, zaidi ya mita 2,300, ambako mama huroweka maharagwe jana yake bila kufikiria. Niliroweka, nikatia kwenye sufuria ya presha, tukala pamoja.

Jirani wa upande wa pili ndiye aliyenifanya niandike. Ni mpishi katika hoteli ya mji mmoja wa watalii, na kodi za nyumba huko zimemshinda. Anaishi kwenye trela lake mwaka wa pili sasa. Alikuja kuomba kuchaji simu, kwa sababu zamu zake hutumwa kwa simu, na ukikosa kujibu zamu inapewa mwingine. Sheria ya misitu hii haikuruhusu kuifanya makao. Kwa kawaida unapewa siku 14, kisha uhame. Aliniuliza kama nimesikia habari za Oregon, ambako Mei 2025 msitu wa Deschutes ulifunga eneo kubwa karibu na mji wa Bend, na watu waliokuwa wakiishi humo wakatolewa. Nikamwambia nimesoma. Akanyamaza.

Wikendi ile tulipima betri yake na mita yangu. Seli moja ilikuwa imekufa. Nilimpa paneli yangu ndogo ya ziada na kumchorea nyaya kwenye karatasi, nyekundu wapi, nyeusi wapi.

Siku yake ya 14 ilikuwa Jumatatu. Saa kumi alfajiri nilisikia trela likiondoka, maana zamu yake huanza saa kumi na mbili, na kabla ya zamu ilibidi atafute pa kuliegesha.