Kipkelion: Uuze Nini, Usimame Wapi?

Ukitoka Nakuru kuelekea Kericho, ukishapita njia panda ya Londiani utafika njia panda nyingine, ya kuingia Kipkelion. Kunja kulia, uiache barabara kuu na ngurumo za malori, uanze kuteremka. Wageni wengi hutazamia kuona majani chai kila upande kwa kuwa wamo katika Kaunti ya Kericho. Watangoja sana. Huku ni mahindi, viazi na ng'ombe wa maziwa, na ukizidi kushuka kuelekea Fort Ternan utaikuta mibuni.

Mji wenyewe ni mtoto wa reli. Reli ya Uganda, iliyofika Kisumu mnamo Desemba 1901, ilipitia hapa, na kituo kikaitwa Lumbwa, jina ambalo watu wa nje waliwapachika Wakipsigis. Jina hilo limebaki vinywani mwa wazee tu, lakini ramani ya reli bado inaeleza biashara ya mahali hapa kuliko kitabu chochote cha hesabu. Juu kuna Londiani, penye baridi na viazi. Chini kuna Muhoroni, penye joto na miwa, na mbele yake Kisumu na samaki wake. Kipkelion imekaa katikati.

Sasa tuseme ni wewe. Umepunguzwa kazi Nairobi, umerudi nyumbani au kwa wakwe zako, na umebakiwa na fedha kidogo ambazo zikipotea Januari itakukuta huna karo. Umepata nafasi ya meza sokoni. Utaweka nini juu yake?

Wengi wetu wa mjini hukimbilia mboga, kwa sababu Nairobi tunaziona zikinunuliwa kila jioni. Lakini nani huku atanunua sukuma wiki kwako hali anayo nyuma ya jiko? Hata managu na saga, mboga zinazopendwa sana na wenyeji, huota kando ya boma. Utauza kiangazi, mvua ikinyesha utakula mwenyewe. Mursik je? Maziwa hayo yaliyogandishwa kwenye kibuyu kilichopakwa mkaa wa mti wa senetwet ni matamu kweli, nami singekataa kikombe. Lakini mwenye ng'ombe ana kibuyu chake. Mnunuzi wa mursik ni mwalimu, karani au msafiri, na maziwa hayamsubiri mtu aliyechelewa.

Mwenye shamba anapokuja sokoni huleta alicho nacho na kutafuta asichokuwa nacho. Ndiyo maana omena haikosi wateja milimani. Imekaushwa, haiozi upesi, hupimwa kwa glasi au kwa gorogoro, na mwenye shilingi chache hapati aibu ya kuuliza bei. Mchele wa Ahero ni vivyo hivyo. Biashara hii ya mlima na ziwa ni ya zamani. Nenda Sondu, mpakani mwa Wakipsigis na Wajaluo, uone jinsi soko lilivyosimama juu yake.

Mitumba nayo ina faida, ila ni kamari. Robota hununuliwa limefungwa, na ukilifungua ukakuta makoti ya baridi kali ya Ulaya, utawauzia watu wa Londiani, si wa Muhoroni. Mwenye mtaji mdogo afadhali achague nguo moja moja kwa waliokwisha kufungua. Halafu aangalie mifuko ya watu. Kwa majirani wenye chai, huko Bomet na Kericho, bonasi ikilipwa soko huchangamka. Huku fedha huja na mahindi yakishavunwa, na kidogo kidogo kwa maziwa. Sare za shule utaziuza Januari. Viatu vya sherehe, Desemba.

Lakini kuna jambo ambalo hesabu za faida hulisahau. Unachokiuza ndicho kinachokuambia usimame wapi. Ukiuza karoti, viazi au mahindi ya kuchoma, mteja wako yumo ndani ya gari, nawe utapanda hadi barabara kuu kumfuata, na kila asubuhi utasogea hatua moja karibu na lami ili umtangulie mwenzako. Jioni ya Juni 30, 2023, hapo hapo njia panda ya Londiani, trela lilikosa mwelekeo likayagonga magari na kuwavamia watu waliokuwa kando ya barabara, wachuuzi wakiwamo. Watu zaidi ya 50 walifariki. Walikuwa mahali ambapo bidhaa zao ziliwataka wawe.

Baada ya msiba ule kulisemwa mengi kuhusu kuwaondoa wachuuzi barabarani. Ni maneno mazuri, ila mwenye viazi akisogezwa mita mia moja ndani huku magari yakipita bila kusimama, atarudi. Kinachomrudisha ni gunia lililobaki na watoto wanaongoja chakula cha jioni.

Kwa hiyo ukifika Kipkelion siku ya soko, ukamwona mama amepanga glasi zake za omena nyuma kabisa, mbali na magari, usidhani alikosa nafasi ya mbele. Wateja wake wanajua alipo, nao huja kwa miguu.