Uko Wapi Sasa Hivi?

Kazi yangu ni kushika simu za watu waliogongwa. Niko kwa kampuni ya bima ya magari, zamu ya usiku, hedifoni zikinibana masikio hadi asubuhi. Ukigongwa saa nane usiku, sauti ya kwanza utakayosikia huenda ikawa yangu.

Nina maswali matatu. Uko wapi sasa hivi? Kuna mtu ameumia? Uko na nani hapo? Nambari ya gari huja baadaye. Mtu anayetetemeka hawezi kukusomea nambari, lakini anaweza kukuambia yuko Mlolongo, karibu na kituo cha petroli, na mtoto amelala kiti cha nyuma. Akishasema hivyo, sauti inaanza kushuka. Kisha tunapumua pamoja: vuta, sasa itoe polepole. Si uchawi. Moyo hupunguza mwendo kidogo kila unapotoa pumzi, kwa hivyo pumzi ndefu ya kutoa huusaidia mwili kutulia.

Hiyo kazi naijua. Nasema bila aibu.

Sasa njoo kwangu saa nne asubuhi baada ya zamu. Bedsita, Kahawa West, pazia limefungwa, jirani anafua nje. Mimi nimekodolea dari macho. Kifua kimekaza, vidole vimekufa ganzi, na hakuna lori lililonigonga. Ni meseji tu ya bosi: "Jumatatu tuongee." Maneno mawili. Kufikia saa sita nimeshafutwa kazi, kodi imenishinda, keateka ameweka kufuli mlangoni, na nimerudi ocha na begi moja huku mamangu akiwaambia majirani nimekuja likizo.

Na mimi hujiambia nini wakati huo? "Wewe nawe! Acha ujinga. Wenzako wana shida za ukweli. Lala!" Eti mtu alale kwa kufokewa.

Jumatatu ikafika. Kumbe bosi alitaka kutumia simu yangu moja kufundisha wafanyakazi wapya. Akanipa hedifoni, akasema, "Jisikize."

Alikuwa mama mmoja ambaye pikipiki ilikuwa imemvunjia kioo cha kando. Kioo tu. Hakuna aliyeumia, gari linaenda, lakini alikuwa akilia hadi hawezi kumaliza sentensi. Nikamsikia akisema, "Pole kwa kukusumbua, najua ni kitu kidogo." Halafu nikasikia sauti yangu, pole pole, kama ya mtu asiye na haraka yoyote duniani: "Hunisumbui, mama. Umeshtuka. Chukua muda wako, niko hapa."

Nilivua hedifoni nikaenda chooni kulia. Sauti hiyo nilikuwa naijua, maana ni yangu. Ila sikuwahi kuisikia ikiniambia mimi.

Nimefikiria sana tofauti ilikuwa wapi. Mteja akitaka kulipwa, tunaomba picha na abstrakti ya polisi. Lakini akilia, hatumwombi ushahidi. Sijawahi kumwambia mtu, "Thibitisha kwanza kwamba hofu yako inafaa, ndipo nikuhurumie." Ni mimi peke yangu niliyekuwa nadaiwa abstrakti. Na kwa sababu hofu zangu nyingi ni za mambo ambayo hayajatokea, nilikuwa nakosa kila mara.

Nikaamua kujaribu. Jioni moja matatu ilikwama Thika Road, Githurai, moyo ukaanza mbio zake. Nikajiita kwa jina, kimoyomoyo. Uko wapi sasa hivi? Nikacheka, aki, nilijiona kama kichaa. Lakini nikajibu: kiti cha dirishani, nimepakata begi, kuna mtu anakula mahindi. Kuna mtu ameumia? Bado. Baadaye nilisoma kwamba mwaka wa 2014 mwanasaikolojia Ethan Kross wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake walichapisha utafiti kuhusu jambo hilo: watu waliojizungumzia kwa jina lao, badala ya "mimi", walistahimili vizuri zaidi mfadhaiko wa kuhutubia watu. Ni kama jina linakupa hatua moja ya umbali, ile ile niliyo nayo kwa mama wa Mlolongo.

Haifanyi kazi kila siku. Kuna wiki nzima maswali yalishindwa, nikaenda kumwona mshauri. Sikujilaumu sana, hata kazini, simu ikinizidi natuma ambulensi.

Swali lililonisumbua zaidi ni la tatu. Uko na nani hapo? Mimi ndiye kifungua mimba. Ndugu zangu hunipigia mtihani ukikaribia, mtoto akipata joto, pesa zikiisha. Mimi simpigii mtu. Jumapili iliyopita kifua kilikaza tena, nikafika swali hilo, nikakosa jibu. Nikachukua simu nikampigia mdogo wangu.

"Dada, kuna nini?" akauliza. Mimi hupiga tu kukiwa na jambo.

Nilitaka kusema hakuna, nilikuwa nakujulia hali tu. Nikatoa pumzi kwanza.

"Hakuna kitu kimetokea," nikamwambia. "Nimeshtuka tu."

"Sawa," akasema. Nikamsikia akivuta kiti. "Uko wapi?"